Bolti imegoma kwenye mtambo: tujadili zana na mpangilio wa kazi kabla hujashika bomba

Fundi Mitambo

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye magrupu ya mafundi haipiti wiki bila picha ya bolti iliyokatikia ndani au nati iliyolika kona zote, na chini yake swali: "Wakuu, nifanyeje?" Ushauri wa kwanza huwa ni "tafuta bomba refu", yaani la kuvisha kwenye spana ili kurefusha mkono wake. Kazi yangu ni magreda, makatapila na mashine za kuvunjia mawe, na naomba niseme wazi: bomba liwe la mwisho, tena kwa masharti.

Chukua bolti ya M24 (unene milimita 24) daraja 8.8 (kipimo cha nguvu ya chuma chake), ile inayofungwa na spana 36. Ikiwa kavu inakazwa kwa Nm 650 hadi 700 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Sasa mtu wa kilo 80 akijining'iniza kwenye ncha ya bomba la mita 1.5 anatoa karibu Nm 1,180. Kama nati imeshikana kabisa na bolti, chuma hicho kinajinyonga na kukatika kwenye Nm 1,000 hivi. Yaani mtu mmoja tu, bila hata kuruka, ameshavuka uwezo wa bolti. Kwa M20 ni rahisi zaidi, bomba la mita moja linatosha kuikata. Kwa hiyo ukisikia imelegea ghafla, usishangilie kwanza, angalia kama nati imezunguka au shingo ndiyo imekwenda.

Kinachotushinda pale ni msuguano. Hata bolti mpya, nguvu unayotia wakati wa kukaza karibu nusu yake inaliwa chini ya kichwa, kama asilimia 40 kwenye thredi, na asilimia 10 tu ndiyo inayobana. Ongeza kutu hapo. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, kwa hiyo ule uwazi mdogo kati ya thredi unajazwa na kusindiliwa mpaka mafuta hayana pa kupita. Kazi ya fundi ni kuivunja ile kutu. Ikishavunjika, spana ya kawaida inamaliza.

Naanza na brashi ya waya, siku zote. Safisha thredi zinazoonekana, toa udongo na rangi, kisha tazama kichwa cha bolti. Namba 8.8, 10.9 au 12.9 zitakwambia chuma chako ni cha aina gani. Halafu hakikisha ni ya inchi au ya milimita, maana hapa ndipo kona nyingi zinapoliwa. Bolti za makali ya greda za inchi 3/4 zinachukua spana ya 1 1/8, ambayo ni milimita 28.6. Spana 28 haiingii, 29 inaingia lakini inacheza. Fundi mwenye haraka anachukua 29, anaona imekaa, anavuta, kona zimekwisha. Inchi 15/16 na milimita 24 zinakaribiana sana, 3/4 na 19 hazina shida kabisa, lakini 1 1/8 usiifanyie makadirio. Na hakikisha thredi ni ya kulia. Vifungio vya gesi inayowaka kama asetilini ni vya kushoto, vina alama ya mkato kwenye kona za nati, na kuna malori ya zamani yenye nati za tairi za kushoto kwa upande mmoja.

Baada ya hapo mafuta. WD-40 ya kawaida iliundwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, inasaidia lakini si dawa ya kazi hii. Zipo za kupenya hasa, na ukizikosa, mafuta ya giaboksi ya otomatiki yakichanganywa na asetoni nusu kwa nusu yanafanya kazi vizuri. Tikisa kila unapotumia kwa sababu yanajitenga, na moto usiwe karibu, asetoni inashika kwa mvuke tu. Lakini ukipaka na kuondoka umefanya nusu ya kazi. Paka, gonga, acha, paka tena, gonga, ilale usiku. Kugonga ndiko kunakofungua nyufa kwenye kutu ili mafuta yaingie.

Namna ya kugonga ina ufundi wake. Kichwa cha bolti kigongwe kwa kukisimamia wima, kwa nyundo nzito, mapigo makavu yanayopita katikati ya bolti. Kwa nati, weka nyundo nzito ubavuni mwake kama fuawe na upige upande wa pili kwa nyundo nyingine, ukihama kona hadi kona. Ukisikiliza utajua: mwanzoni sauti ni ya chuma kimoja, kali, kutu ikianza kuachia, sauti inakuwa ya vitu viwili vinavyogusana. Mara nyingine unaona vumbi jekundu linatoka kwenye mdomo wa thredi. Likitoka hilo, paka mafuta pale pale.

Ikikataa, hapo ndipo spana ya kupiga, ile nene fupi yenye kisigino cha kupigia kwa nyundo kubwa. Pigo linashtua, bomba linavuta tu. Spana ifungwe kamba na mtu aishike kwa kamba akiwa mbali, mkono usiwe karibu na nyundo. Soketi ziwe zile nyeusi za impakti zenye pembe sita. Zile za kung'aa ni ngumu lakini zinavunjika vipande, na vipande vinaruka usoni. Pembe kumi na mbili kwenye bolti iliyogoma sizitumii kabisa.

Kwa wenye hela kidogo, ushauri wangu unaweza kupingwa na wengi: nunua spana za kupiga za 36, 41, 46 na 55, halafu ile spana ya gia ya kuzungusha kwa mkono ambayo madereva wa malori hubeba kwa nati za tairi. Ile ina gia ndani, unazungusha mara nyingi nati inasogea kidogo, lakini nguvu ni kubwa na inapanda taratibu, mtu mmoja anatosha. Mguu wake wa kuzuia uegemee kitu imara, usiegemee bomba la haidroliki. Gani ya upepo (bunduki ya kufungulia nati) ya inchi moja ni nzuri sana, tatizo ni kwamba watu wanainunua na kuiunga kwenye kompresa ndogo ya kujazia tairi, kwa mpira mwembamba. Haipati hewa, inapigapiga bila nguvu, mtu anasema gani ni feki. Bila kompresa ya maana na mpira mpana, hela yako iende kwingine kwanza.

Moto ndio mkubwa wa zana zote, na ndio unaoua. Hili nitaliandika kwa msisitizo: usipashe moto nati au stadi (bolti zisizo na kichwa) za tairi wakati tairi liko kwenye rimu. Hata kama umetoa upepo. Joto linachemsha mpira kwa ndani, unatoa gesi, na tairi linalipuka kwa nguvu ya kutupa rimu na mtu. Inaweza kutokea hata baada ya moto kuzimwa. Pia usipashe wala kukata bolti zinazoshikilia springi ya kukaza cheni ya katapila au kijiko. Springi ile imebanwa kwa tani nyingi, ikiachiwa haina mjadala. Eneo lililopulizwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini lisiguswe na moto mpaka lioshwe na kukauka, kwa sababu mvuke wake ukiungua unakuwa fosjini, gesi ya sumu. Mtungi wa oksijeni usishikwe na mikono yenye grisi, na presha ya asetilini kwenye regyuleta isizidi baa moja.

Naendelea hapo chini, ulizeni.

Kijana wa VETA

Shikamoo mkuu. Naomba kuuliza, ukipasha nati si inatanuka kwa ndani pia na kubana zaidi? Na nipashe mpaka iwe nyekundu?

Fundi Mitambo

Marahaba kijana. Tundu linakua, halipungui. Nati nzima inatanuka pamoja na tundu lake. Chuma kinatanuka karibu sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Nati ya M24 ukiipandisha nyuzi 200 wakati bolti bado ya baridi, tundu linaongezeka karibu milimita 0.06. Ni kidogo, lakini uwazi wa thredi nao ni mdogo kiasi hicho hicho.

Siri iko kwenye neno "bolti bado ya baridi". Tumia tochi kubwa, pasha nati haraka kuizunguka, ondoa, jaribu. Ukitumia moto mdogo kwa muda mrefu vyote viwili vinapata joto sawa na hujafanya kitu. Wekundu si lazima. Ikipoa kidogo, gusisha mshumaa kwenye mdomo wa thredi: nta inayeyuka na kunyonywa ndani. Kama gundi ya thredi ni Loctite nyekundu, inahitaji kufika kwenye nyuzi 250 ndipo inalegea, hapo mafuta hayasaidii lolote.

Kwa bolti iliyoingia kwenye tundu lisilo na upande wa pili, na huwezi kupasha kipande kizima, geuza: pasha kichwa cha bolti chenyewe, kiache kipoe, rudia. Inatanuka, inaponda kutu, inasinyaa. Bolti yoyote iliyopita nyuzi 400 ugumu wake umeanza kuondoka, kwa hiyo ikitoka itupwe. Hiyo haina majadiliano kwa 10.9 na 12.9.

Kuna mashine ya koili ya umeme siku hizi, ya mkononi, wati 1,000 hivi. Unavisha koili kwenye nati, inapasha chuma chenyewe bila mwali. Karibu na mipira ya haidroliki na waya hiyo ni mkombozi. Vua pete na saa, na mwenye kifaa cha moyo asiishike.

Greda Mbeya

Mkuu umeeleza vizuri. Niongeze kwenye makali ya greda: kichwa cha bolti zile kimezama kwenye bamba na shingo yake ni ya mraba. Bamba likishalika na mraba nao unalika, bolti yote inazunguka na nati yake, mafuta yako yote bure. Mimi sihangaiki. Nati inakatwa kwa gesi, bolti inadondoka, nafunga mpya. Bei ya bolti na nati ni ndogo kuliko greda kulala barabarani.

Ila mbali na gesi umesahau grenda, mashine ya kukatia kwa jiwe. Kata ubavu wa nati sambamba na bolti, acha uwazi kidogo kabla ya kugusa thredi, kisha weka tindo kwenye mkato na upige. Nati inafunguka yenyewe, stadi inabaki nzima.

Na kwa bolti iliyokatikia ndani mimi ni mtu wa iziauti, kile kichuma cha kuingiza kwenye tundu ulilotoboa katikati ya bolti na kukizungusha ili itoke. Naona wengi wanaichukia bila sababu.

Fundi Mitambo

Greda Mbeya, nakubaliana nawe kwenye makali, zile ni bolti za kubadilisha kila safari. Grenda pia sawa, na mwenye uwezo anunue ile ya haidroliki ya kupasulia nati, inavishwa na patasi yake inaingia kutoka ubavuni, pampu ya mkono ya baa 700 inatosha. Miwani tu isikosekane, nati ikipasuka inaruka.

Kwenye iziauti tutatofautiana. Bolti iliyokatika wakati wa kufungua imekatika kwa sababu kushikana kwake ni kukubwa kuliko nguvu ya chuma chake chote. Sasa unatoboa katikati, unaweka kichuma chembamba kuliko ile bolti, unakizungusha. Kitatoka wapi? Tena iziauti yenye mkato wa kupanuka inasukuma kuta za bolti zibane zaidi. Ikikatika humo ndani, ni chuma kigumu ambacho drili ya kawaida haikigusi. Nimeona kazi ya asubuhi moja ikigeuka kuwa safari ya kupeleka bloku mjini. Iziauti ifae bolti iliyokatika kwa kuzidiwa mzigo huku thredi zake ni safi.

Mimi naanza na kuchomelea nati. Weka washa juu ya kisiki (kipande cha bolti kilichobaki), chomelea washa kwenye kisiki, weka nati juu yake, jaza katikati ya nati kwa welding, fimbo ya 7018 iliyo kavu. Faida ni mbili kwa pamoja: umepata kichwa kipya, na lile joto limeingia moja kwa moja kwenye kisiki na kuponda kutu. Subiri wekundu uondoke, kisha endesha mbele na nyuma, robo kwa robo, usivute upande mmoja tu. Isiposhika mara ya kwanza, rudia. Kisiki kilichozama chini ya uso kijengwe kwanza kwa welding mpaka kitoke nje.

Kabla ya kuchomelea mtambo wenye kompyuta, tenganisha betri na plagi za kompyuta, na kibano cha ardhi kiwe karibu kabisa na unapochomelea. Ukikiweka upande wa pili wa giaboksi, umeme utapita kwenye beringi na kuziunguza vidoa vidoa. Zitaanza kulia baadaye na hakuna atakayekumbuka siku ile ya welding.

Welding ikishindikana, tumia drili za mkono wa kushoto. Piga sentapanchi katikati kabisa, tumia taa uhakikishe. Mara nyingi drili yenyewe inaing'oa bolti kabla hujafika mwisho.

Mbaraki

Assalaam alaykum mafundi. Niko Mombasa, kazi yangu ni injini za mashua na winchi za sitaha. Huku kwetu adui ni chumvi, na mchanganyiko wa chuma cha pua na alumini. Bolti ya chuma cha pua ikikaa ndani ya nyumba (kasha) ya alumini palipo na maji ya bahari, alumini ndiyo inayoliwa, ule unga mweupe unajaa kwenye thredi na kuwa saruji.

Hapa moto uende kwenye alumini, wala si kwenye bolti. Alumini inatanuka zaidi kuliko chuma cha pua, kwa hiyo ukiipasha nyumba, tundu linaikimbia bolti. Lakini muwe waangalifu ndugu zangu: alumini haibadiliki rangi. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 bila kuwahi kuwa nyekundu mchana, unashtukia imemwagika. Dondosha tone la maji, likicheza juu yake basi inatosha, zima moto ujaribu.

Na nati ya chuma cha pua juu ya bolti ya chuma cha pua usiizungushe kwa gani. Zinasuguana, zinapata joto, zinajichomelea zenyewe, na hapo hakuna mafuta yatakayofaa, kata tu. Wakati wa kufunga paka grisi ya nikeli, uzungushe polepole kwa mkono.

Mchunya

Wakuu asanteni kwa elimu. Nina bolmili ya dhahabu (silinda inayosaga mawe kwa mipira ya chuma) huku Chunya, bolti za laina, yale mabamba ya kukinga silinda kwa ndani, ni M30, tope limepenya likagandia kwenye thredi. Jamaa kanishauri nimwagie asidi ya betri usiku kucha. Nishaiandaa. Mnasemaje?

Dada Spana

Kaka Mchunya, usimwage. Nipo kwenye matengenezo ya mgodi mkubwa Kanda ya Ziwa, naomba unisikilize hili kabla hujafanya kitu.

Kama maji ya sayanaidi (dawa ya kuchenjulia dhahabu) yamewahi kurudishwa kwenye hiyo bolmili, asidi ikikutana na mabaki yake inatoa gesi ya hidrojeni sayanaidi. Si watu wote wanaoisikia harufu yake, na ndani ya bolmili au kwenye banda lisilo na upepo inaua ndani ya dakika. Na kama zebaki imewahi kutiwa humo, moto pia usitumie. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357, mwali wa gesi unapita hapo mara nyingi, na mvuke wake hauonekani. Kwa hiyo kwenye mtambo wako asidi hapana, gesi hapana, hata grenda mimi ningeiacha.

Jambo la pili, bolmili iliyozimwa bado inaweza kujizungusha. Mipira na mawe yamelalia upande mmoja, ukilegeza kitu au ukisogeza kidogo, uzito unashuka na silinda inageuka na wewe. Toa mzigo, ifunge kwa minyororo au magogo, swichi kuu ipigwe kufuli na ufunguo ukae mfukoni kwako mwenyewe, usimwachie mtu.

Sisi migodini nati inafunguliwa kwa gani kubwa, kisha bolti haivutwi nje, inasukumwa ndani kwa nyundo ya haidroliki inayoning'inizwa kwenye kreni. Wewe fanya hivyo hivyo kwa mikono: osha thredi kwa maji mengi na brashi mpaka tope liishe, mafuta, gonga, spana ya kupiga ya 46. Nati ikishatoka, bolti ipigwe kuingia ndani kwa kipande cha shafti laini, kusiwe na mtu ndani. Nati itakayokataa ipasuliwe kwa ile ya haidroliki aliyoitaja Fundi Mitambo. Wapo wanaoikodisha kwa siku.

Mchunya

Dada umeniokoa. Zebaki imewahi kutumika kwa mwenye mashine wa kwanza. Asidi nairudisha dukani. Swali la mwisho: nikifunga mpya nipake nini zisirudie haya?

Fundi Mitambo

Dada Spana, asante sana, hilo la asidi lingestahili uzi wake.

Mchunya, paka grisi ya shaba kwenye thredi na chini ya nati pia, pale inaposugua washa. Ukishapaka, punguza ukazaji kwa robo hivi kuliko ile namba ya bolti kavu, kwa sababu thredi zikiteleza nguvu ileile inavuta bolti kupita kiasi. Weka washa za mpira za kuzuia tope chini ya nati, hizo ndizo zilizokosekana mpaka tope likapenya. Kisha endesha saa chache, simamisha, funga kufuli kama alivyosema dada, ukaze tena zote, maana laina mpya hukaa vizuri baada ya kupigwa na mipira na bolti zote hubaki zimelegea.

Ukianza kazi tuwekee picha ya nati ya kwanza hapa, tuone thredi zake zina hali gani kabla hujazigusa nyingine.